Nilidhani Nimemfumania, Kumbe Ananunua Chuma

Ilikuwa saa 10 kasoro dakika chache alfajiri, Machi 2020, nyumbani kwetu Geita. Niliamka nikapapasa upande wa pili wa kitanda, nikakuta shuka la baridi. Kutoka sebuleni ulikuwa unakuja mwanga wa kompyuta. Mpenzi msomaji, wewe ni mtu mzima. Unajua mwanaume anayetoka kitandani usiku wa manane kwenda kuinamia kompyuta gizani huwa anatafuta nini. Au niseme, ndivyo tunavyoambiana sisi wanawake saluni.

Nikanyata. Nikasimama nyuma ya pazia la mlango. Mume wangu alikuwa kakaa kwenye ukingo wa kiti, singlendi tu mwilini, anahesabu kwa sauti ya chini: "Tisa... nane... saba..." Akabonyeza. Akashika kichwa. Halafu akacheka peke yake kama mtu aliyefunga goli.

Nikawasha taa. Kwenye kioo hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na kisahani cheusi cha chuma, chenye tundu katikati, na chini yake namba: dola 86.

"Hicho ni nini?"

"Ni kinga ya upanga," akajibu, bado anahema. "Ya Japani."

"Na upanga wenyewe uko wapi?"

"Haupo."

Nikakaa chini. Ningemkuta na mwanamke ningejua la kufanya. Kuna shangazi, kuna mshenga, kuna wazee wa pande zote mbili. Lakini mume anayeamka usiku kununua kipande cha upanga usiokuwepo, unampeleka kwa nani?

Kulipopambazuka nikataka hesabu. Akaitoa, maana mume wangu si mwongo, ni mtu wa kunyamaza tu. Ndani ya miaka 2 alikuwa amenunua vinga 11 kwenye minada ya mtandaoni. Jumla ilipita shilingi milioni 2. Wakati huo kiwanja chetu cha Ibinzamata, Shinyanga, kilikuwa kimeota nyasi zinazonifika kiunoni, na kila nikiuliza msingi utaanza lini naambiwa "mwezi ujao, mama".

Sitaficha, tulinuniana wiki nzima.

MTU WA MAABARA

Ili uelewe, lazima nikueleze mume wangu anafanya kazi gani. Yuko maabara katika mgodi mmoja wa ukanda huu. Kazi yake ni kupima mawe: wanayaponda, wanayayeyusha, mwisho anakwambia katika tani moja ya mwamba kuna gramu ngapi za dhahabu. Kwake kila kitu kina kipimo. Hata chumvi kwenye mboga anaweza kuisema kwa asilimia.

Mwaka 2018 mtaalamu mmoja wa metali, mzee wa kigeni, alimaliza mkataba akawa anafungasha mizigo. Akampa mume wangu zawadi ya kumuaga: kisahani cheusi kinachokaribia rangi ya zambarau ukikigeuza juani, kipana kama kiganja cha mtoto. Akamwambia, "Wewe unajua kupima. Niambie hiki ni nini."

Mume wangu alidhani ni shaba iliyoungua. Kumbe ni shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo, mara nyingi asilimia 3 hadi 5, kisha ikachemshwa kwenye maji ya dawa hadi ikawa nyeusi. Wajapani wanaiita shakudo. Hebu fikiria, mtu aliyezaliwa Geita, ambako dhahabu ikionekana tu watu wanaacha mashamba, anakutana na mafundi walioweka dhahabu ndani ya shaba makusudi ili iwe nyeusi. Hakulala.

Tsuba, ndilo jina lake, ni kile kisahani kinachokaa kati ya makali ya upanga na mpini. Kinazuia mkono usiteleze kwenye makali, kinazuia upanga wa adui usikufikie vidole, na kinasaidia upanga usilemee mbele. Hiyo ndiyo kazi. Lakini kwa kuwa ndicho kilichoonekana mtu akiwa ameuvaa upanga kiunoni, mafundi walikichonga na kukinakshi: korongo wanaruka, mawimbi, maua ya mcheri, buibui na utando wake.

Halafu mwaka 1876 serikali ya Japani ikapiga marufuku watu kutembea na panga hadharani, isipokuwa wanajeshi, polisi na maofisa katika sherehe rasmi. Siku moja una kitu cha heshima kiunoni, kesho yake ni kosa. Mafundi wa vinga wakahamia kwenye vyombo vya mapambo vya kuuza nje. Panga nyingi zikafunguliwa, na vinga vyake vikasafiri kwenda Ulaya na Marekani kwenye mikoba ya watalii na wafanyabiashara. Ndiyo maana leo vinga vingi vinauzwa bila panga zake.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "unanunua vitu vilivyofukuzwa kazi."

Akanitazama muda. "Hilo ndilo neno," akasema. "Sikuwahi kulipata."

Hapo tukaanza kuongea tena.

BEI INAWEKWA NA MTU WA PILI

Nilipoacha kununa nikaanza kukaa naye usiku. Si kila siku, ila nilitaka kujua pesa yetu inaendaje. Nikagundua mnada wa mtandaoni una akili yake.

Pale soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, mchimbaji anafika na kipande chake, kinawekwa kwenye mzani, kinapimwa usafi, bei ya dunia ya siku hiyo inajulikana. Mnaweza kubishana kidogo, lakini mzani ndio unaosema. Dhahabu haina jina la ukoo. Gramu 10 kutoka Nyarugusu na gramu 10 kutoka kwenye pete ya marehemu, zikishayeyushwa, ni gramu 20.

Kinga ya upanga haiendi hivyo. Unaingia, unaandika dau lako la juu kabisa, na mtandao unalificha. Unakupandishia hatua kwa hatua, kiasi tu cha kumzidi mwenzako. Ukiandika dola 200 na anayekufuatia ameishia dola 80, unalipa themanini na ushee. Kwa maneno mengine, bei haikuwekwa na anayekipenda zaidi. Imewekwa na yule wa pili, aliyekata tamaa. Ndiyo maana wazoefu hawaonyeshi dau lao hadi sekunde za mwisho, na ndiyo maana mume wangu alikuwa anahesabu "tisa, nane, saba" saa 10 alfajiri, wakati kwa muuzaji huko Marekani ilikuwa jioni.

Sisi watu wa Shinyanga tuna mfano wetu. Mwaka 2021 almasi ghafi ya rangi ya waridi ya Mwadui, ya zaidi ya karati 32, iliuzwa dola milioni 13.8. Ikakatwa, ikabaki jiwe la karati 11.15. Oktoba 2022 jiwe hilo likapigwa mnada Hong Kong na kampuni ya Sotheby's. Makadirio yalikuwa dola milioni 21. Likaishia dola milioni 57.7. Jiwe ni lilelile. Kilichotokea ni kwamba mle mnadani walikuwepo watu zaidi ya mmoja waliokataa kushindwa. Angekuwepo mmoja tu, lingetoka kwa bei ya kawaida.

Kwa hiyo nikamuuliza swali la mke. "Unajuaje kwamba hiki cha dola 86 hakikupaswa kuwa dola 20?"

Akanipa somo. Kwanza unatazama tundu la katikati. Kinga iliyofanya kazi ina alama za kugongwa kuzunguka tundu, pengine na vipande vidogo vya shaba vilivyobandikwa ili ibane vizuri kwenye upanga. Maana yake iliwahi kuvaliwa. Za bandia nyingi zimemiminwa kwenye kalibu, na ukitazama ndani ya matundu unaweza kukuta mshono ambao hakuna aliyejisumbua kuupiga tupa. Pili, jina la fundi likiwa limechorwa, usishangilie. Majina makubwa yalighushiwa tangu zamani, kwa hiyo ni kazi yenyewe inayothibitisha jina, si jina linalothibitisha kazi. Tatu, kipo chama cha wataalamu huko Japani, kilianzishwa mwaka 1948, ambacho hukagua na kutoa cheti; kinga yenye cheti hupanda bei. Na nne, akasema kwa msisitizo, rangi. Ile kahawia nyeusi ya chuma cha zamani, iliyojijenga miaka mia na zaidi kwa hewa na mikono ya watu. "Hiyo ukiitoa hairudi."

Laiti hilo la nne angelianza nalo. Angelisema wiki tatu kabla.

KOSA LANGU NA STILI WAYA

Kile cha dola 86 kilifika kwenye sanduku la posta baada ya miezi miwili na ushee, maana ndege zilikuwa zimepungua kwa ajili ya korona. Mume wangu alikuwa zamu ya usiku. Nikafungua bahasha. Nikaona kitu kichafu, kina kutu, kimeshikwa na watu wasiojulikana nchi nzima ya Marekani. Na mimi nilitaka amani. Nilitaka akirudi akute nimekipokea kitu chake vizuri, ajue nimekubali.

Nikachukua limau, chumvi na stili waya. Nikakaa nacho jikoni saa nzima. Nikakisugua hadi kikang'aa kama kijiko cha harusi. Nikakiweka juu ya kitambaa cheupe mezani, pembeni ya chai yake.

Aliingia asubuhi, akakiona. Hakupiga kelele. Alikaa, akakichukua, akakigeuza mara mbili. Nikaona koo lake linapanda na kushuka.

"Umekisafisha," akasema.

"Eeh. Kilikuwa na kutu sana."

"Asante, mama."

Akanywa chai yake yote. Somo la rangi alikuja kunipa baada ya wiki tatu, tukiwa mbele ya kompyuta, na hata siku hiyo hakutaja kile cha jikoni. Mimi mwenyewe ndiye niliyeunganisha. Nikasikia damu imenipanda hadi masikioni. "Kile chetu," nikasema, "sasa kina thamani gani?"

"Kwenye mnada? Labda dola 15."

Wanandoa wenzangu, mimi nimehariri makala nyingi za mapenzi, za "siri 10 za ndoa yenye furaha" na kadhalika. Hakuna iliyowahi kunifundisha kama ile "asante, mama".

KISANDUKU CHA BIBI

Sasa nikupeleke Shinyanga. Agosti 2021 Bibi, mama yake mama yangu, aliugua, tukaenda kumwona. Tulipita Sengerema, tukavuka ziwa kwa kivuko cha Kigongo–Busisi. Daraja la pale lilikuwa bado linajengwa, lilikuja kufunguliwa Juni 2025. Tulisubiri kivuko zaidi ya saa moja, tukala mahindi ya kuchoma, tukashuka Misungwi hadi Shinyanga vijijini.

Bibi alikuwa na miaka 86, amelala, lakini mdomo haulali. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimu. Akanipita akamnyooshea mkono mume wangu. "Mume wangu umekuja! Na huyu mke mwenza umemleta wa nini?" Bibi zetu ndivyo walivyo, mume wa mjukuu ni mume wao.

Binamu yangu naye alikuwepo, amekuja kutoka Nyarugusu anakochimba. Duara lake lilikuwa limeingia maji miezi mitatu, hana pampu, anadaiwa. Jioni ya pili akatutoa nje, akanionyesha picha kwenye simu. Ni mnada wa mtandaoni. Kwenye picha kulikuwa na kisahani cheupe chenye tundu katikati, na maandishi yanayotaja Wanyamwezi na Wasukuma. Dola 240.

"Bibi anacho kama hiki," akasema. "Kwenye kisanduku chake. Shemeji anajua haya mambo. Auze."

Ni kweli, Bibi alikuwa nacho. Wazee wetu wanakiita kibangwa. Ni kile kitako cha konokono wa baharini, kinakatwa, kinasuguliwa, kinatobolewa na kupitishwa uzi. Watemi na waganga walikivaa kama alama ya cheo. Toka pwani hadi bara ni mwendo wa miezi kwa miguu, na kila hatua ilikipandisha bei. Livingstone aliandika kwamba mwaka 1854, huko kwa Walunda, konokono 2 za namna hiyo ziliweza kumnunua mtumwa, na 5 zilikuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu. Soma tena sentensi hiyo kabla hujasema kisahani ni urembo tu.

Bibi akakubali tukitazame. Kilikuwa ndani ya kitambaa cheusi, ndani ya kopo la kahawa, ndani ya kisanduku. Mume wangu akakipeleka mlangoni kwenye mwanga, akatoa kile kioo chake kidogo cha kukuzia. Akatazama ukingo. Akatazama tundu, jinsi uzi ulivyolila upande mmoja. Akakigeuza. Akakaa kimya, na mimi nikaujua ule ukimya. Ulikuwa ule wa chai.

Akaniita pembeni. "Si konokono," akasema. "Konokono ungeona tabaka zake, mistari ya kukua. Hiki ni cheupe sawasawa kote, na kuna vitundu vidogo vya hewa. Ni kauri. Kimetengenezwa kiwandani Ulaya."

Alikuwa sahihi, na hilo si jambo geni. Biashara ya vibangwa ilipokuwa kubwa, Wazungu walitengeneza vya kauri, vikaletwa na kuuzwa huku bara. Hata ule mzunguko wa konokono waliuiga.

Binamu alisikia. Akasonya, akaenda kukaa chini ya mwembe. Mimi niliumia zaidi yake. Nilikua nikiambiwa kile ni kitu cha ukoo. Nikaona kama tumemvua Bibi nguo. Lakini mume wangu ni mtu wa maabara; majibu ya sampuli hafichi. Akarudi ndani, akapiga goti kando ya kitanda, akamweleza taratibu, kwa heshima zote.

Bibi alicheka hadi akakohoa.

"Mume wangu, unadhani babu hakujua?" akasema. "Babu yangu alikuwa mwanangwa, hakuwa mtemi. Alipofanya upagazi mpaka Bagamoyo alikiona dukani, akakinunua kwa mshahara wake. Cha konokono ni cha mtemi. Mwanangwa akivaa cha konokono, si anataka ugomvi? Alivaa hiki. Na watu walipokiona wakasimama wakamsikiliza."

Halafu akaeleza. Jinsi babu yake alivyokivaa shingoni siku za kugawa mashamba. Jinsi alivyokivua akakiweka mezani wakati wa kuamua kesi ya ndugu, ili ajulikane anaongea kama mzazi. Jinsi mwaka 1963, serikali ilipofuta utemi, baba yake Bibi alivyokifunga kwenye kitambaa na kusema, "Kimestaafu."

Mume wangu akanitazama. Nikajua anawaza 1876. Nchi mbili zilizo mbali namna hii, na visahani viwili vyenye tundu, vyote vimefukuzwa kazi kwa sheria. Tofauti ni kwamba vile vyake 11 hakuna hata kimoja ambacho mtu yeyote alimweleza kilifanya kazi kwa nani. Mwenyewe alisema tukiwa tunarudi: "Mimi nakesha kwenye mtandao natafuta alama za kugongwa kwenye tundu, nibahatishe kama kilivaliwa. Bibi ananiambia mpaka kesi zilizoamuliwa."

KWA HIYO NI SHILINGI NGAPI?

Binamu hakuishia hapo. Asubuhi akarudi na hoja: mzungu wa mtandaoni atajuaje kama ni kauri? Tuandike "konokono", basi. Pampu ni pampu.

Hapo mume wangu, mtu mpole, akawa mkali. Akamwambia mambo mawili. La kwanza, kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, vitu vya urithi wa namna hii huwezi tu kuvisafirisha nje ya nchi bila kibali, hata kama ni vyako na hata kama kuna mtu ana haraka ya kulipa. La pili, "Mimi nimewahi kuuziwa chuma cha kumiminwa kama cha kufuliwa. Najua anayefungua ile bahasha anavyojisikia. Usinifanye niwe yule muuzaji."

"Sasa pampu?" binamu akauliza. Na lilikuwa swali la haki. Heshima ya ukoo hainyonyi maji duarani.

Tulivyomaliza ndivyo hivi. Tuliporudi Geita, mume wangu alitoa vinga vyake, akavipanga kitandani, akachagua 6. Akaviuza kupitia yule mzee wa kigeni aliyemfundisha, ambaye alikuwa keshastaafu kwao. Vilimgharimu kama dola 520. Vikaleta 390 baada ya makato na gharama za posta. Alipokea hasara hiyo bila kulalamika. "Nilidhani najua thamani," akasema. "Nilikuwa najua bei za siku niliyonunua tu." Nusu tukamkopesha binamu kwa maandishi, na sehemu amekwisharudisha. Nusu ikaenda Ibinzamata. Msingi uliinuka Januari 2022, na ndugu zangu wanautania wanauita "msingi wa Japani".

Na sisi wawili tukawekeana utaratibu, nakuachia nawe uupime na mwenzako. Kila mmoja ana pesa yake ya mwezi ya upuuzi, kiasi kimoja kwa wote, na haulizwi. Ikizidi hapo, mnaongea kabla, si baada ya kufumaniana. Mimi yangu inaishia saluni na kwenye vitenge. Yake anaiweka miezi mitano, sita, halafu ananunua kinga moja, mchana, mlango wazi.

Kuhusu kibangwa, nilifanya kazi ninayoijua. Mimi ni mhariri. Nikarudi Shinyanga Desemba ile na simu yenye chaji, nikamrekodi Bibi dakika 40. Jina la babu yake, kijiji, safari ya Bagamoyo, kesi ile ya ndugu na uamuzi wake, mwaka 1963. Nikaandika kurasa 4, nikachapa, nikaweka ndani ya kopo la kahawa pamoja na kisahani. Mwaka uliofuata tulipita makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, tukasimama mbele ya vitu vya watemi. Mume wangu alisoma kila kibandiko, na palipokuwa na jina la mwenyewe alinivuta mkono nione. Wakusanyaji wa tsuba wanalipia cheti. Sisi tulikuwa na cheti kinachoongea, amelala kitandani, anatuita mume na mke mwenza, na nusura tukiache kiondoke bila kuandikwa kwa kuwa tulikuwa tunatazama bei.

Nenda ukamuulize wako. Kuna kiti cha babu, kuna kibuyu, kuna bangili iliyofungwa kwenye kanga chini ya godoro. Usianze na "ni shilingi ngapi". Anza na "kilikuwa kinafanya kazi gani, na kwa nani". Hilo la kwanza mtandao utakujibu wakati wowote. La pili lina watu wachache wa kulijibu, na wana miaka themanini na kitu.

Bibi alitutoka mwaka 2023. Kopo liko kwangu. Mama alisema likae kwa yule aliyeandika.

Na kile kisahani cha stili waya? Kipo juu ya kabati la vyombo. Mume wangu hakukiweka kwenye wale 6, ingawa nilimwambia akiongeze tu, hata dola 15 ni pesa. Alikataa. Jumapili jioni, tukiwa tunaangalia taarifa ya habari, hukichukua akakifuta kwa kitambaa cha pamba, taratibu, huku na huku, bila kukitazama. Mwaka wa kwanza kilikuwa kinang'aa tu, kinanisuta. Wiki iliyopita nilikishusha ili nipanguse kabati, nikakipeleka dirishani. Ukingoni, pale kidole gumba chake kinapopita, chuma kimeanza kuwa cha kahawia.